Kisa cha Fundi na mguu uliobaki nje ya maji: bila ubatizo mtu haokoki?

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wanaofundisha madarasa ya ubatizo hapa Unguja na Pemba, na wale wanaoitwaitwa majumbani mtu akiumwa. Majina nimeyatoa, mtaa sisemi, kanisa sisemi, na vitu viwili vitatu nimevigeuza ili asijulikane mtu. Mwenyewe mhusika, ambae humu namwita Fundi, kasomewa yote akasema sawa itoe, ila niandike kwamba yeye bado anajenga, watu wasije wakadhani kastaafu.

Watu wenyewe

Fundi ana miaka hamsini na kitu. Ni mtu wa bara, kavuka kuja Unguja akiwa kijana wakati mahoteli ya ukanda wa mashariki yanaota kama uyoga na fundi mwashi yeyote anapata kazi. Kwao hawakuwa na kanisa wala msikiti, walikuwa na mambo yao ya wazee. Anaishi na mwanamke Mkatoliki aliebatizwa tangu mchanga, wana watoto, ndoa ya kanisani hawajafunga. Humu namwita Mama.

Ana kisukari cha siku nyingi. Kidonda kilianza kwa msumari wa saiti, alikanyaga na hakusikia kitu, alikuja kugundua jioni anavua kandambili anaona damu imeganda kwenye soli. Wanaokijua kisukari wanaelewa, miguu inakufa ganzi, mtu anatembea na jeraha siku nzima huku anapiga stori.

Mwaka wa pili huo alikuwa anasali kwenye kanisa dogo la kipentekoste, kaalikwa na fundi mwenzake, kaamini kwa kweli, pombe kaacha, na mwisho akaingia darasa la ubatizo. Kanisa lile linabatiza watu wazima tu, kwa kuzamisha, baharini. Mchungaji wake ni mtu mpole asiependa ugomvi (upole wenyewe ulichangia tatizo, tutafika). Darasa linafundishwa na mzee wa kanisa, nitamwita Mwalimu, na nataka niseme mapema kwamba Mwalimu si mtu mbaya, ndie aliekuwa anampakia Fundi kwenye pikipiki yake kumpeleka kliniki wakati wengine tunatuma meseji za pole.

Mimi ni Mwanglikana, nasaidia kufundisha kanisani kwetu. Fundi kanijengea ukuta, ndo tumejuana hapo.

Ilivyokwenda

Kubatiza baharini huku kwetu kunataka hesabu. Maji yakipwa unaweza kutembea mpaka ukachoka bado yako magotini, kwa hiyo wanangoja bamvua, wanatafuta asubuhi ambayo maji yamejaa vizuri na upepo umetulia. Siku ikapangwa, na darasa zima likaambiwa lifunge siku tatu kabla.

Daktari akamwambia Fundi kidonda kisiingie maji ya bahari kabisa, kikae kikavu, kila siku kioshwe na kufungwa. Fundi akamwambia Mwalimu. Mwalimu akasema tuombe, kidonda kitafunga kabla ya siku. Hakikufunga. Wenzake wakaenda majini, yeye akabaki ufukweni anashika viatu vya watu. Akaahidiwa bamvua linalofuata, likafika na kusi linavuma, bahari imechafuka, pakaahirishwa tena.

Katikati ya kungoja huko ndo likaja somo lililozua yote. Mwalimu alikuwa anafundisha Marko 16:16, "Aaminiye na kubatizwa ataokoka," na Yohana 3:5 ile ya kuzaliwa kwa maji na kwa Roho, mmoja akauliza, je mtu kaamini leo, kesho yuko njiani kwenda kubatizwa akagongwa na gari? Mwalimu akajibu bila kupepesa, huyo hajaokoka, neno ni neno.

Fundi akarudi nyumbani hajala. Akaanza kufunga peke yake, hakumwambia mtu, ila vidonge vya sukari anameza kama kawaida. Usiku wa pili Mama anaamka anamkuta kalowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki, watoto wanalia wanasema baba kapandwa na pepo. Mama akamnywesha chai ya sukari nyingi kijiko kwa kijiko mpaka akarudi. Ilikuwa sukari imeshuka basi. Vidonge bila chakula ndo inavokuwa.

Asubuhi Mama akaenda kwa katekista wa parokia yake. Alikuwa keshachoka, akasema kama maji ndo yanamtesa mume wangu, padre aje amwagie hapahapa kitandani yaishe. Padre akawa tayari kuja kuongea na Fundi kwanza. Habari zikafika kwa Mwalimu, Mwalimu akarusha sauti kwenye grupu la kanisa, kumwagiwa si kubatizwa, hiyo ni kunawa, na katekista nae akatumiwa ile sauti na mtu, sijui nani, maana watu hawakosekani. Kufika jioni wanabishana watu ambao Fundi hata hawamjui. Mama ndo akanipigia.

Kikao cha kwenye mkeka

Tulikutana kwao, mchungaji, Mwalimu, katekista, Mama, mimi, na Fundi mwenyewe kaegemea ukuta mguu juu ya mto. Nitaeleza hoja kwa kirefu kidogo kwa sababu kila upande ulikuwa na mshiko, na anaedhani hili swali ni jepesi hajakaa na watu wanaoijua Biblia yao.

Mwalimu alikuwa na Marko, Yohana, Matendo 2:38, na 1 Petro 3:21 inayosema ubatizo "unaowaokoa ninyi." Hiyo ya Petro haina pa kukimbilia, neno liko hapo, ingawa Petro mwenyewe anaongeza palepale kwamba hasemi kuondoa uchafu wa mwili, anasema jibu la dhamiri safi mbele za Mungu. Kuhusu Marko, nilimwambia nusu ya pili ya aya inasema "asiyeamini, atahukumiwa," haisemi asiyebatizwa, na kwamba aya za mwisho za Marko hazimo kwenye nakala mbili kongwe kabisa, ile ya Sinai na ile ya Vatikani. Hakupenda. Ni haki yake, aya imo kwenye Biblia anayoisoma kila siku.

Mchungaji akaleta mwizi pale msalabani, aliambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" na hakuna alieshuka kumtafutia maji. Hoja nzuri, lakini Mwalimu akaijibu vizuri zaidi, mwizi alikufa kabla Yesu hajafufuka na kuagiza ubatizo, huwezi kumpa mtu kosa la amri ambayo haijatoka. Mchungaji akanyamaza. Mimi nadhani mwenye nguvu kuliko mwizi ni Kornelio, yule akida wa Kirumi wa Matendo 10, kwa sababu huyo ni baada ya amri, baada ya Pentekoste, na Roho Mtakatifu anamshukia yeye na watu wake wakati Petro bado anahubiri, maji hayajatajwa hata. Ila angalia Petro anafanya nini baada ya hapo. Hasemi basi wameshapata, yaishe. Anauliza ni nani awezaye kukataza maji, na anaamuru wabatizwe. Kwa hiyo Kornelio anampa kila mtu nusu, Mungu hakungoja maji, na Petro hakuyaacha maji.

Katekista nilidhani atakuja mkali kuliko wote kwa vile Wakatoliki wanafundisha wazi kwamba ubatizo ni lazima kwa wokovu. Kumbe akatoa Katekisimu yao, namba 1257, kwamba Mungu kaufunga wokovu na sakramenti ya ubatizo lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Halafu 1259, mkatekumeni, yaani mtu anaeandaliwa kubatizwa, akifa kabla hajabatizwa, ile hamu yake ya kubatizwa pamoja na toba na upendo inamhakikishia wokovu ambao hakuwahi kuupokea kwa maji. Mwalimu akamuuliza hilo mmelitunga lini. Nikamsaidia katekista hapo, ni la zamani, mwaka 392 kaisari wa Roma Valentinian wa Pili alikufa angali mkatekumeni, na askofu Ambrose wa Milano akahubiri kwenye msiba wake kwamba alichokiomba hakunyimwa.

Na kwa vile tuko visiwani nikawakumbusha Marafiki wa Pemba, wale Wakristo wanaoitwa pia Quaker. Hawa walifika kule miaka ya mwisho ya karne ya 19, kipindi kilekile utumwa unafutwa kisheria huku, 1897, wakafanya kazi na watu walioachwa huru, na hao hawabatizi kwa maji kabisa, wanasema ubatizo ni wa Roho. Mwalimu akauliza kwa hiyo nao wameokoka? Nikamwambia mimi sikai mlangoni.

Tumefika hapo, Biblia tatu ziko wazi juu ya mkeka, Fundi akakohoa akasema, "Samahani wazee wangu. Mimi nikifa Alhamisi, nani ananizika?"

Hakuna aliekuwa na aya.

Ndo akaeleza. Miaka ya nyuma fundi mwenzao mmoja alikufa ghafla hapa Unguja, mtu wa bara, hajulikani anasali wapi. Majirani Waislamu walikuja wote msibani, lakini hawawezi kumsalia mtu ambae si wa kwao. Makanisa mawili yakaulizwa, yote yakasema hatumo nae kwenye daftari. Mwili ukakaa mochwari siku kadhaa mpaka ndugu wavuke na boti. Fundi aliyaona hayo kwa macho. Toka siku ile kichwani mwake ubatizo ukawa na maana ya kuandikwa mahali. Moto wa milele alikuwa anauogopa, hasemi hapana, lakini kilichokuwa kinamkosesha usingizi kilikuwa sanduku lisilo na mwenyewe.

Na hofu hiyo si ya kijinga. Kwetu Waanglikana, Kitabu cha Sala cha 1662 kinaelekeza kwamba ibada ya mazishi isitumike kwa aliekufa hajabatizwa. Katekista akasema kwao sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni 1183, inamhesabu mkatekumeni pamoja na waamini kwenye mazishi. Mchungaji akasema kwao hakuna kilichoandikwa, na hapo nilimuona anafikiri kwa mara ya kwanza siku ile.

Tuliamua nini na kwa nini

Kufunga kukasitishwa palepale, na mchungaji ndie alietamka, kwa sababu tungelisema sisi wa makanisa mengine Fundi angeona anashawishiwa kulegeza imani.

Pili, mchungaji akaahidi kusimama Jumapili aseme mbele ya watu wote kwamba Fundi ni wa kanisa lile, akifa leo au mwakani kanisa litamzika, kabatizwa au hajabatizwa. Mama akataka iandikwe. Ikaandikwa kwenye karatasi ya daftari la skuli la mtoto, mchungaji akasaini, Mama akaikunja akaitia kwenye mkoba wake na mjadala ukaisha.

Tatu, ubatizo wenyewe. Padre kumwagia kitandani lilikuwa jambo rahisi kuliko yote, na mimi binafsi nilikuwa upande huo. Fundi akakataa kwa adabu, akasema hawa ndo walionipokea, nataka wanibatize wao kwa namna yao. Hiyo ikatosha. Nesi wa kliniki akaulizwa, akasema maji ya bahari hapana, maji mengine pia kidonda kisiguse, mkiweza kuuweka mguu juu basi. Mchungaji akakubali atumie tangi. Na likatamkwa jambo moja gumu, kwamba hali ikiwa mbaya ghafla kabla ya siku hiyo, yeyote alie karibu, hata Mama, amimine maji kichwani na kutaja jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kwa Wakatoliki hilo linaruhusiwa wakati wa hatari. Kwa mchungaji lilikuwa zito. Alisema tu, "Likitokea la kutokea, sitauliza."

Siku ya tangi

Simtenki bovu lililokatwa nusu, lilikuwa linatumika kuloweka matofali saiti, likasuguliwa mpaka likang'aa. Maji ya bomba yalikuwa hayatoki siku hiyo, si ajabu, jirani mzee akaruhusu tuchote kisimani kwake, anajua kabisa ya nini, akasema maji ya kisima hayana neno, chukueni. Ndoo zikapita mkono kwa mkono.

Mguu wa kulia ukatiwa mfuko wa plastiki juu ya bendeji, ukafungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli, na mtoto wake mkubwa akapewa kazi ya kuushika juu ya ukingo wa tangi. Fundi akaingia kwa makalio kwanza, watu wanacheka, yeye mwenyewe anacheka. Mchungaji akataja Utatu, akamlaza nyuma, maji yakafunika uso, kifua, goti la kushoto. Mguu wa kulia ukabaki angani na mfuko wake wa buluu.

Watu wanaimba, Mwalimu akamwambia mchungaji pembeni lakini si kwa sauti ndogo, "Mguu haujazama."

Baadae

Kidonda kilipona nusu halafu kikarudi vibaya, mfupa ukaingia usaha, na miezi kadhaa baadae mguu ukakatwa chini ya goti. Ule uleule. Unaweza kukisia maneno yaliyosemwa. Mwalimu hakusherehekea, namjua, lakini waliomfuata walisema ni ishara, na familia chache zikatoka nae, sasa wanasali nyumbani kwa mmoja wao. Fundi alipoambiwa akasema, "Kama mguu ule haukuokoka basi umetangulia wenyewe, mimi utanikuta." Anatembea na mguu wa bandia, kazi za juu kaacha, anasimamia vijana.

Uchambuzi

Nianze na mguu kwa sababu ndo unaoulizwa sana. Mguu ulikatwa na kisukari. Kama pana mkono wa binadamu, uko kwenye zile wiki ambazo Fundi aliacha kwenda kliniki mara mbili kwa sababu yuko kwenye maombi, na kwenye kufunga. Kumpangia mfungo darasa zima bila kuuliza nani ana kisukari, nani ana presha, nani mjamzito, hilo ni kosa la utaratibu na linarekebishwa kwa swali moja kwenye fomu. Kati ya yote humu ndani hili lingeweza kumuua mtu usiku ule, na ndilo lililojadiliwa kidogo kuliko yote kikaoni.

Kuhusu uhalali, Didake, maandiko ya Wakristo wa mwanzo kabisa, inaagiza maji yanayotiririka, kama hayapo maji mengine, kama hakuna ya kutosha mimina kichwani mara tatu. Yaani tangu zamani walijua kutakuwa na siku maji hayatoshi, au mtu hawezi. Na mlinzi wa gereza kule Filipi, Matendo 16, saa ileile ya usiku aliwaosha Paulo na Sila mapigo yao kwanza, kisha ndo akabatizwa yeye na watu wake. Sijui alizamishwa au alimwagiwa, Luka hajali kutuambia.

Sasa lile swali lenyewe. Mimi naona Mwalimu alikuwa sahihi kwa mtu mmoja na kakosea kwa mwingine kwa jibu lilelile. Darasani palikuwa na kijana mzima wa afya, kaamini miaka minne, kila bamvua ana udhuru, huyo anastahili kusomewa Matendo 2:38 mpaka aloe. Amri ya Kristo si ya hiari, na mtu anaesema nampenda lakini maji sitaki ana tatizo kubwa kuliko maji. Ila ukilichukua jibu hilo ukampa mtu ambae anataka na hawezi, umemwambia Mungu kashindwa na kidonda. Ambrose, Katekisimu, na Petro kwa Kornelio wote wanatenganisha hayo mawili, tulichoamriwa sisi na anachoweza yeye, na darasa likishindwa kuyatenganisha litazalisha watu wawili, mzembe anaejifariji na mwizi wa msalabani, na mgonjwa anaejinyima chakula usiku.

Kilichosaidia zaidi kwenye kikao si hoja hata moja, ni kwamba Fundi alikuwepo. Wiki nzima alijadiliwa kwenye grupu ambalo hawezi kujibu kwa sababu simu yake ni ya tochi. Angelikuwa kachunguliwa mapema na mchungaji wake, kwa swali la kawaida tu, unaogopa nini hasa, tungelijua habari ya mochwari kabla ya kuanza kutupiana aya. Mchungaji alikuwa anakwepa kumkosoa Mwalimu, akiliacha somo la gari lipite. Upole huo uligharimu.

Karatasi ya mazishi naiona ndo uamuzi bora. Usiku ule Fundi alilala, Mama kasema. Tangi lilikuja baadae, mtu tayari ana amani, na nadhani ndo maana aliweza kucheka akiingia. Kanisa lile sasa linaandika wanafunzi wa ubatizo kwenye daftari siku wanayoanza darasa, pamoja na namba ya ndugu wa karibu, na kanisa linawajibika kwao tangu siku hiyo. Makanisa mengine ya watu wa bara hapa Unguja wangeliiga hilo kesho, hata kabla hawajakubaliana juu ya maji.

Tulichoshindwa kabisa ni kwa Mwalimu. Tulimjibu hoja zake, hatukukaa nae. Kaondoka anaamini wote tulimuona mshamba wa maandiko, na alikuwa anaijua Biblia kuliko nusu yetu.

La Mama bado liko mezani. Alitaka siku nyingi ndoa yao iwekwe sawa parokiani. Katekista kamueleza kwamba ubatizo wa tangi, kwa vile yalikuwa maji ya kweli na Utatu ulitajwa, kanisa lao halitaurudia, wanachohitaji ni cheti au shahidi alieona, halafu ruhusa ya askofu kwa ajili ya ndoa ya Wakristo wa makanisa mawili. Cheti mchungaji keshaandika. Fundi anasema atakwenda, ila amalize kwanza nyumba ya mtu.